Safisheni Dohani Kabla ya Baridi



Baridi ya Juni na Julai mnaijua. Huku kwetu nyanda za juu, Njombe, Makete na Mufindi, moto ni nusu ya blanketi. Wengi wenu mmejenga majiko ya udongo yenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Wengine mna meko ya kuotea moto sebuleni. Hayo ni maendeleo. Lakini nawauliza: nani kati yetu amechungulia ndani ya dohani yake mwaka huu?

Dohani ni kama koo. Likiziba, nyumba haipumui. Moshi wa kuni hupanda pamoja na masizi. Kuni mbichi ndizo mbaya zaidi, maana moshi wake una maji na utomvu mwingi. Ukigusa ukuta wa dohani uliopoa, huganda ukawa kitu cheusi kinachonata kama lami. Kidogo kidogo njia inakuwa nyembamba. Ndege naye akijenga kiota kule juu, basi tena!

Hatari ni mbili. Ya kwanza, ile lami hushika moto. Dohani hunguruma kama lori linalopanda mlima, cheche zikaruka paani. Hapo toeni watu wote nje kwanza, kisha waiteni majirani. Kama mnaweza kulifikia jiko bila hatari, fukieni moto kwa mchanga au majivu. Msimwagie maji dohani yenye moto. Itapasuka.

Ya pili huua kimya kimya. Moto uliokosa hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, huikamata damu na kuzuia hewa safi isifike mwilini. Dohani ikiziba, sumu hiyo hurudi chumbani. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Watu wa nyumba moja wakiugua pamoja, msikae kutafuta mchawi. Watoeni nje wapate hewa, muwapeleke zahanati upesi.

Na jiko la mkaa je? Hilo halina dohani kabisa. Msilale nalo chumbani, hata kama mkaa umekuwa mwekundu na hautoi moshi. Sumu bado ipo.

Sasa tufanye nini? Shikeni haya:

1. Zimeni moto, ngojeni jiko lipoe kabisa.

2. Zibeni mdomo wa jiko kwa gunia. Mfanyaji ajifunge kitambaa puani.

3. Fungeni brashi ngumu kwenye mti mrefu, au kwenye kamba yenye jiwe. Sugueni juu hadi chini.

4. Zoeni masizi yote. Kisha washeni nyasi kidogo na kutazama. Moshi ukitokea kwenye ufa wa ukuta, zibeni ufa huo kwa udongo kabla ya kupika.

5. Chomeni kuni kavu tu.

Fanyeni hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Wanaopika kila siku kwa kuni wasafishe mara nyingi zaidi.

Msimwingize mtoto ndani ya dohani, hata awe mwembamba namna gani. Uingereza walifanya hivyo miaka mingi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza jinsi masizi yalivyowaletea wasafishaji saratani ya ngozi. Watoto wengine walikwama humo wakafa. Mwaka 1875 alikufa mvulana George Brewster, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kukomesha mtindo huo. Kwa hiyo nanyi mkimaliza kazi, ogeni kwa sabuni na kufua nguo.

Vijana, hii nayo ni kazi. Brashi, kamba na ngazi vinatosha kuanzia. Shule, nyumba za wageni na zahanati zenye dohani zinahitaji fundi. Lakini fundi wa kweli hasafishi tu. Hukagua nyufa, hutazama paa, akamwambia mwenye nyumba ukweli.

Mwisho, ndugu zangu, kalamu mliyojifunza kuishika itumieni. Leo mkifika nyumbani, chukueni kipande cha mkaa, muandike ukutani karibu na jiko tarehe ya kusafisha dohani. Asiye na tarehe ya kuandika, kesho asubuhi aanze kazi.