Kusawazisha Tanga na Chombo ili Usukani Uwe Mwepesi: Mada kwa Manahodha wa Mashua Ndogo

Utangulizi



Kila aliyeshika kana anaijua hali hii: mashua inapiga bisho, upepo unazidi, na kana inavuta mpaka mabega yanauma. Wengi husema chombo ni kikaidi, wengine huagiza usukani mpana zaidi. Hoja yangu ni kwamba usukani mzito ni dalili. Chanzo kiko kwenye tanga, foromali, mlingoti na farumi, na tiba ianzie huko. Usukani uliopindwa sana hugeuka breki: nahodha anachoka na chombo kinapoteza mwendo.

Chanzo cha uzito

Upepo husukuma tanga, na maji hukinza mkuku na ubavu uliozama. Nguvu ya tanga ikiwa nyuma ya ukinzani wa maji, omo hukimbilia joshi. Ikiwa mbele yake, omo huangukia demani.

Kulala kwa chombo huongeza tatizo. Mashua inapolala, tanga hutoka nje ya ubavu wa demani, na msukumo wake hukizungusha chombo kuelekea joshi. Ndiyo maana mashua iliyotulia asubuhi huwa nzito mchana upepo ukikaza, ingawa hakuna kamba iliyoguswa.

Kupima

Tafuta maji wazi na upepo wa wastani. Piga bisho, kisha shika kana kwa vidole viwili na uiachie kidogo. Omo likipanda joshi taratibu, mashua iko sawa. Likiruka joshi kwa nguvu, au likiangukia demani, kuna kazi ya kufanya.

Marekebisho kwa mpangilio

1. Watu na mifuko ya mchanga vihamie upande wa joshi ili chombo kisimame. Legeza kamba ya demani kidogo. Mara nyingi hili peke yake linatosha.

2. Usukani ukibaki mzito, sogeza farumi nyuma. Tezi ikizama zaidi, ukinzani wa maji nao hurudi nyuma. Msizidishe, maana tezi iliyozama mno huburura maji.

3. Tazama mahali henza inapofungwa kwenye foromali. Teremsha foromali, sogeza fundo shibiri moja kuelekea ncha ya juu, kisha pandisha tena. Sasa sehemu kubwa zaidi ya tanga iko mbele ya mlingoti, na kana itakuwa nyepesi. Fundo likisogezwa kuelekea ncha ya mbele, matokeo ni kinyume.

4. Mlingoti uinamishwe mbele kidogo kwa kabari, iwapo hatua zilizotangulia hazikutosha.

5. Kagua kitambaa. Tanga lililochakaa hutuna upande wa nyuma, huilaza mashua na kuivuta joshi. Hilo ni la kukatwa upya na fundi. Kusi likichachamaa, funga tanga dogo.

Mashua inayoangukia demani hurekebishwa kwa kugeuza hatua ya pili, ya tatu na ya nne.

Tusiuondoe mvuto wote

Nahodha akiteleza na kuiachia kana, mashua yenye mvuto mdogo wa joshi hugeukia upepo, tanga likapiga, na mwendo ukafa. Inayoangukia demani huendelea kukimbia, na tanga laweza kuhama ghafla likawazoa watu. Kwa hiyo tubakize mvuto mdogo unaosikika mkononi, wa usukani kupinda nyuzi chache tu.

Mapendekezo

Kwanza, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati, tupime, ndipo tuguse kingine. Pili, kila foromali itiwe alama ya rangi mahali fundo lilipofaa, kwa tanga kubwa na kwa tanga dogo. Tatu, mafundi waache nafasi ya kabari kwenye shimo la mlingoti. Nne, kijana afundishwe kufunga foromali na kupanga farumi kabla ya kukabidhiwa kana, ili anapoishika aelewe inamwambia nini.