TAA ZA SIKUKUU NA MVUA ZETU



Hapa Ushirombo Krismasi huangukia katikati ya mvua. Basi zile taa ndogo za kumetameta ziuzwazo sokoni mwezi wa Desemba, ambazo watu hupenda kuzizungushia mlango au mwembe, zatutaka tuwe na hadhari. Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Nyingi za taa hizi za bei rahisi huuchukua umeme huo wote, ingawa kila taa ni ndogo kama punje ya mtama. Nyingine huja na kisanduku cha kupunguza nguvu, na hizo ndizo bora. Kisanduku chenyewe kikae ndani.

Hatari kubwa iko kwenye bati. Watu hupitisha waya kati ya ukuta na paa, na ukingo wa bati ni kisu. Waya ukichunika hapo, paa lote laweza kushika umeme. Je, kamba yako ya kuanikia nguo ni ya waya, nayo imefungwa kwenye paa hilo? Basi nayo imeshika. Asubuhi mama atoka na kanga mbichi mkononi, miguu yake i juu ya tope. Hapo sikukuu imegeuka matanga.

Ninyi sasa mnajua kusoma, basi someni kisanduku cha taa kabla ya kutoa fedha. Tafuteni herufi IP na tarakimu mbili baada yake. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. Ikiwa ni 0, taa hazina kinga ya maji. Ikiwa ni 4, zastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Kwa hiyo IP20 ni za sebuleni, IP44 zafaa bustanini. Lakini plagi na soketi zibaki pakavu. Na kiungo cha waya kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki, mimi sikiiti kiungo.

Juu ya radi, wilaya yetu ya Bukombe ina majonzi yake: Januari 2025 iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda. Mawingu yakianza kujikusanya, ng'oa plagi ukutani mapema. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Wengine huziacha zikiwaka usiku kucha, eti hazili umeme. Ni kweli: kamba ya wati 5 huwaka saa 200 ndipo imalize uniti moja ya LUKU. Lakini moto ukianza watu wamelala, nani atauona? Zizimeni mwendapo kulala.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kubwa iliyo karibu na mita. Usipoweza kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, usukume waya kwa mti mkavu, kama mpini wa jembe uliotolewa chuma. Kisha mpelekeni hospitali hata akisema hajambo, maana moyo waweza kuwa umedhurika.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: waya, plagi, bati, radi. Kisha kila mmoja atunge sentensi moja yenye neno "bati", amsomee jirani yake.