Koti Jeupe Kwenye Kalenda
(Mazungumzo kwa viongozi wa walei na walezi wa vijana)



Mmetuomba tuzungumze juu ya vijana na ajira. Tumeona afadhali tuanze na jambo dogo ambalo wengi wenu mnalijua, kwa sababu mmelifanya: kumpiga kijana picha akiwa na alama ya kazi anayoitamani. Huyu huvalishwa koti la daktari, yule kofia ya rubani, mwingine akapewa mkoba wa mwanasheria. Picha husafishwa, zikabandikwa ukumbini, na wazazi wakafurahi.

Desturi yenyewe si ya jana. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwawekea wateja saa, kalamu, redio na hata pikipiki ya Vespa, ili kila mtu atoke pichani kama alivyotaka kuonekana. Hapa pwani yetu, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu aliyevuka kwa miguu alisimama mbele ya ndege, akalipa, akaituma picha nyumbani. Hatuoni kosa hapo. Mteja alichagua mwenyewe, alilipa mwenyewe, na picha ilikuwa yake.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Katika parokia moja tuliyoitumikia, tuliandaa siku ya vijana, tukaazima vifaa, tukapiga picha. Binti mmoja wa miaka kumi na mitano alivaa koti jeupe, na kipimo cha kusikilizia moyo kikaning'inia shingoni. Picha ilipendeza mno. Tukaitia kwenye kalenda ya mwaka uliofuata, kalenda ikauzwa mpaka vigangoni, na nakala nyingine zikapelekwa kwa wafadhili. Binti hakuulizwa. Mama yake aliiona picha kwanza ukutani mwa duka la jirani.

Miaka miwili baadaye mama huyo alikuja ofisini akiwa na kalenda ile imekunjwa. Binti yake alikuwa ameshindwa mtihani wa kidato cha nne na alikuwa akiuza vitumbua sokoni. Vijana walimwita "Daktari", na kila walipomwita walicheka. Mama aliomba jambo moja tu: picha zilizobaki ziondolewe. Tulipoketi naye ndipo tulipojua kwamba shule ya binti ilikuwa imekosa mwalimu wa fizikia tangu alipoingia kidato cha pili. Sisi tulikuwa tumemtafutia koti, wala hatukuuliza anafundishwa na nani.

Hapo ndipo tunapowaomba mkae nasi kidogo. Anayetaka kuwa daktari hapa Tanzania kwa kawaida hupitia fizikia, kemia na biolojia kidato cha tano na cha sita, kisha miaka mitano ya chuo kikuu, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Ipo pia njia ya utabibu, ya stashahada ya miaka mitatu, ambayo huanzia kidato cha nne kwa masomo hayo hayo. Basi mahali pasipo na mwalimu wa fizikia, njia zote mbili zimefungwa mlangoni. Hilo ni jambo la haki. Kamati ya parokia inaweza kulipeleka kwa bodi ya shule, kwa diwani, kwa ofisi ya elimu ya wilaya, na kulirudia mpaka lijibiwe. Kalenda haikutuchukua wiki mbili. Barua ya kumwomba mwalimu hatukuiandika hata siku moja.

Kuna lingine, nalo tunalikumbuka kwa aibu. Siku ile ile alikuja mvulana na mwiko na timazi ya babu yake, mwashi. Mmoja wetu alimpokonya kwa upole, akampa mkoba. Picha ile ya mkoba ipo hadi leo, na uso wa kijana unaonyesha wazi kwamba hajui aushike vipi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, kwamba thamani ya kazi kwanza inatoka kwa mtu anayeifanya. Tunalihubiri hilo kila sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kisha tunaona haya kumpiga mtoto picha na mwiko! VETA ipo tangu mwaka 1994. Ni wangapi kati yetu wamewahi kumpeleka kijana akaone karakana zake?

Mpiga picha Mfaransa, Vincent Tremeau, amefanya kazi kama hii kwa wasichana wa nchi zenye vita na maafa, Jamhuri ya Afrika ya Kati ikiwa mojawapo. Kinachotuvutia ni kwamba wasichana hujitengenezea mavazi yao kwa vitu wanavyovipata. Wanaanza wao, kamera inafuata.

Kwa hiyo hatusemi picha zikome. Tunasema kijana aulizwe, na mzazi pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba picha ya mtu si ya kutumiwa ovyo na aliyeipiga. Nakala ya kwanza apewe mwenyewe. Akisema isiende kwa wafadhili, isiende, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Kalenda zile tulizikusanya, ingawa si zote zilizopatikana. Binti sasa anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni tatu kwa wiki mwalimu mstaafu wa jumuiya yao humfundisha fizikia. Hatujampiga picha.