Deni Lina Haki Yake, na Mdaiwa Ana Heshima Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Katika siku ya furaha kama hii ni desturi kuhesabu magunia yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu hizo, nalo ni mateso wanayoyapata baadhi ya wanachama mikononi mwa watu wanaotumwa kudai madeni. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana mkulima anayejificha haendi shambani wala haji mkutanoni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tena walisema dawa ya deni ni kulipa. Sikuja kuwafundisha watu kukimbia madeni yao. Aliyekopa kwa hiari na alipe. Lakini deni halimpi mtu yeyote ruhusa ya kumtukana mwenzake, kumtisha, wala kuingia nyumbani mwake na kubeba godoro.

Adha hii si mpya, na kwa kweli ushirika ulizaliwa ili kupambana nayo. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, aliwaona wakulima wakinyonywa na wakopeshaji wa riba. Katika Tanganyika sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikaandikishwa. Hata hivyo mkulima wa Kagera aliijua butura, yaani kuuza kahawa ingali maua. Na mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi akaijua kangomba. Mwenye shida ya leo huuza mavuno ya kesho kwa bei ya shida.

Siku hizi mkopeshaji amehamia ndani ya simu. Fedha hupatikana kwa dakika chache, lakini kwanza programu huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe hupelekwa kwa mkwe, kwa mwalimu wa watoto, hata kwa imamu au padre, kwamba fulani ni tapeli. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wako pia wale wanaokuja kwa miguu, ambao watu wameuita mkopo wao kausha damu. Jina hilo latosha kuwa maelezo.

Na tupige hesabu. Mtu akikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, riba yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Tangu kupanda hata kuvuna, miezi sita, riba peke yake imefika shilingi 240,000, nayo imelipita deni lenyewe.

Basi yafaa kila mwanachama ayajue mambo manne. Kwanza, kukopesha kwa biashara kwahitaji leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yailinda siri ya mtu; anayetangaza deni lako kwa jamaa zako aweza kushtakiwa mbele ya Tume iliyowekwa kwa kazi hiyo. Tatu, hata mahakama inapoamuru mali ikamatwe, sheria ya mwenendo wa madai huyaacha mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za mkulima. Ikiwa mahakama yenyewe imezuiwa, wakala ana haki gani ya kubeba sufuria? Nne, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema jambo hilo wazi.

Akija mdai, usikimbie wala usigombane. Mwulize jina lake, ametumwa na nani, na barua yake iko wapi. Mwite jirani au mjumbe awe shahidi. Usilipe fedha yoyote bila stakabadhi. Usiufute ujumbe wa matusi, maana ndio ushahidi wako. Kisha mwandikie mkopeshaji, ueleze waweza kulipa kiasi gani na lini, nawe ubaki na nakala. Akikataa na kuendelea kutisha, peleka malalamiko Benki Kuu. Na akitumia nguvu au akichukua mali, nenda polisi siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni kwetu sisi viongozi. Vyama vyetu vya akiba na mikopo navyo hudai madeni. Je, karani wetu hasomi majina ya wadaiwa mbele ya umati? Je, mkulima aliyepigwa na ukame hupewa nafasi ya kupanga upya malipo yake, au huambulia vitisho? Tena, malipo ya mazao yakichelewa, mwanachama hukopa huko huko tunakokulaumu, na sehemu ya lawama ni yetu. Chama kinacholipa kwa wakati, kinachokopesha pembejeo kwa riba nafuu na kudai kwa adabu, hicho ndicho kinachomfungia kausha damu mlango.

Kwa hiyo naiomba Bodi iweke katika kila chama cha msingi mtu mmoja wa kusoma mikataba pamoja na wanachama kabla hawajatia sahihi. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itaonekana msimu ujao.