Sanduku Lililogeuka Ngoma: Elvis Presley, Burbank, 1968



Jioni hii naomba tukae na wimbo mmoja tu, That's All Right, jinsi Elvis Presley alivyouimba tarehe 27 Juni 1968 katika studio za NBC, Burbank, California. Wapenzi wake husema siku ile mfalme wa rokenroli alirejea. Wana haki yao. Ila mimi nadai kwamba kilichotunasa pale ni uchache wa vyombo.

Itazameni picha yenyewe. Jukwaa dogo la mraba, mfano wa ulingo wa ndondi, watu wameketi pande zote nne. Presley, miaka 33, yumo ndani ya suti ya ngozi nyeusi. Scotty Moore ana gitaa. D.J. Fontana, mpiga ngoma wake wa miaka mingi, hana ngoma hata moja: analicharaza sanduku la gitaa kwa vijiti. Mpiga besi hakuna kabisa. Bill Black, mpiga besi wake wa zamani, alikwishafariki mwaka 1965.

Meneja wa Presley, Kanali Tom Parker, alitaka kipindi hicho cha televisheni kiwe cha nyimbo za Krismasi. Mwongozaji, Steve Binder, alikuwa amemwona Presley akipiga soga na magitaa pamoja na wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo baada ya mazoezi, akaona hicho ndicho cha kuonyesha. Kumbukeni mwimbaji huyu hakuwa amefanya onyesho mbele ya hadhira tangu 1961. Kati ya hapo zilipita filamu, nyingi zake, niseme bila kumung'unya, za kusahaulika.

Sasa turudi Memphis, studio ya Sun, tarehe 5 Julai 1954. Kijana wa miaka 19, magitaa mawili, besi moja, ngoma hakuna. Wimbo huu haukuwamo katika mipango. Ulizuka wakati wa mapumziko, kijana akifanya masihara, Black akamdandia kwa besi, Moore akafuata, hadi Sam Phillips, mwenye studio, alipowataka waanze upya ili arekodi. Black ndiye aliyeshika mapigo kwa kuzichapa nyuzi za besi. Miaka 14 baadaye kazi hiyo ikaliangukia sanduku. Sauti ya 1954 ni nyepesi na ina haraka. Ya 1968 inakwaruza, na hapana bendi kubwa ya kuifunika.

Nao wimbo wenyewe haukuwa wake. Aliutunga na kuurekodi Arthur Crudup, Mmarekani Mweusi wa Mississippi, mwaka 1946, na katika rekodi yake ngoma imo. Crudup aliacha kurekodi kwa miaka kadhaa akilalamika kwamba mirabaha haimfikii, akawa anaishi kwa vibarua vya shambani. Presley alipokuwa akiuimba Burbank, Crudup alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 1974, akiwa bado anadai.