Kuwapeleka Watoto Mbugani kwa Gari

Leo tutazungumza juu ya safari ya siku moja ya kuwapeleka watoto kuona wanyama wa porini, nanyi mkiwa ndani ya gari.

Shule zinapofungwa, familia nyingi hutembelea Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1946, na ndiyo ya kwanza nchini Kenya. Ina simba, vifaru, nyati, twiga na pundamilia, na iko karibu sana na jiji. Wazazi wengi humwogopa simba. Lakini mkikaa ndani ya gari, simba si tisho kubwa. Mambo ya kuangalia zaidi ni joto, kiu, chakula kilichoharibika, na nyani. Haya yote, mama, unaweza kuyazuia.

Tuanze na joto. Asubuhi huwa na baridi, kwa hivyo mvishe mtoto sweta ambayo utaivua jua likipanda. Usimwache mtoto peke yake ndani ya gari, hata kama amelala. Gari likiegeshwa juani, joto la ndani laweza kupanda kwa zaidi ya digrii 10 kwa dakika 20 tu. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Pili ni maji. Beba maji safi ya kunywa, na mpe mtoto kidogo kidogo hata kama hajaomba. Tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga zetu, basi tia maji katika chupa za kutumia tena na tena. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ukiona mtoto amekauka midomo, analia bila machozi, hakojoi au amelegea, ujue amepungukiwa na maji mwilini. Mpeleke kituo cha afya bila kukawia.

Tatu ni chakula. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Nyama, wali na maziwa huharibika upesi. Afadhali ubebe chapati, mkate, ndizi na machungwa. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, maana gari likiruka shimo zaweza kumkwama kooni. Beba pia sabuni na maji ya kunawa mikono.

Nne ni haja. Hapa ndipo wazazi wengi hushawishika kumshusha mtoto nyuma ya gari. Usifanye hivyo! Nyasi ndefu huficha simba, nyati na hata nyoka. Beba poti au kopo lenye kifuniko, mtoto ajisaidie humo ndani ya gari. Shukeni tu mahali palipotengwa, kama pale ambapo pembe za ndovu zilichomwa mwaka wa 1989. Hata hapo, mshike mtoto mkono.

Mwisho ni nyani na tumbili. Hawa hunyakua chakula mikononi mwa watoto. Funga vioo kabla ya kufungua chakula, na usiwalishe kamwe. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauletwi na mbwa peke yake. Nyani, tumbili au mbweha anaweza kuuambukiza kwa kuuma, kukwaruza au kulamba jeraha. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikitolewa mapema, mtoto hupona.

Kwa hivyo, mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usipake mafuta, majani wala udongo. Kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sindano za chanjo ni zaidi ya moja, na kila moja ina siku yake. Usiache katikati kwa sababu jeraha limekauka.

Kumbuka basi, mama:
- Mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari.
- Maji safi yawepo siku nzima.
- Chakula kiwe kile kisichoharibika upesi.
- Poti iwe ndani ya gari.
- Vioo vifungwe mkiona nyani.
- Akiumwa: sabuni, maji, hospitali.

Mwambie na jirani yako anayepanga safari kama hii. Safari njema.