Ombi la Mtumishi Lisipotee Njiani

Mazungumzo kwa makarani wa utumishi, wasimamizi wa wadi na wakuu wa vituo vya afya wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuhusu kupanga hatua za maombi katika mfumo wa rasilimali watu wa mtandaoni



Kila aliyefanya kazi katika ofisi ya umma upande wa bara anaijua safari ya faili. Muuguzi wa Mtongwe anaandika barua ya likizo ya uzazi. Mkuu wa kituo anaitia sahihi. Barua inavuka feri ya Likoni, inafika ofisi kuu kisiwani, inakaa kwenye trei, kisha inarudi na maandishi mekundu pembeni: ambatisha cheti. Ya mwenzake wa Kisauni inapita daraja la Nyali, na ya wa Changamwe inapita Makupa, lakini yanayozipata ni yale yale. Siku zinakwenda, tumbo linakua, na mama hajui kama likizo yake imekubaliwa au la.

Kwa miaka mingi kumbukumbu za watumishi na mishahara ya serikali zilikaa katika mfumo wa IPPD, ambao makarani waliuingia kwa niaba ya wote. Baadaye GHRIS ikamwezesha mtumishi kuona slipu yake ya mshahara kwenye intaneti. Sasa serikali ya kitaifa inahamishia kazi hiyo katika mfumo mmoja wa pamoja, HRIS-Ke, na serikali za kaunti zimetakiwa kujiunga. Katika mifumo ya aina hii mtumishi hujaza ombi lake mwenyewe na programu humwongoza hatua kwa hatua. Humuuliza anataka nini, humwonyesha sehemu zinazomhusu tu, humzuia kuendelea kama hati inakosekana, kisha hupeleka ombi kwa anayestahili kuliidhinisha.

Hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa. Programu haijui nani ni mkuu wa nani, wala sheria inasema nini, mpaka iambiwe. Ikiambiwa vibaya, ombi litapotea kwenye skrini kama lilivyopotea kwenye trei, na safari hii hakuna hata karatasi ya kutafuta. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kwanza, kanuni iandikwe kwa maneno ya kawaida. Chukua likizo hiyo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 yenye malipo kamili na baba wiki 2. Kifungu hicho hicho kinasema mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amechukua ya uzazi. Sasa, anayepanga mfumo akiiweka likizo ya uzazi katika fungu moja na ya mwaka, programu itatoa siku za uzazi kwenye siku za mwaka bila kumuuliza mtu. Mama atarudi kazini akute salio lake ni sifuri. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi, ila haki yake imeliwa na mpangilio.

Hesabu ya siku nayo ina mtego. Likizo ya mwaka, ambayo kifungu cha 28 kinataka isipungue siku 21, huhesabiwa kwa siku za kazi. Miezi ya uzazi huhesabiwa kwa kalenda. Karani wa ofisi hupumzika Jumamosi na Jumapili, lakini muuguzi wa zamu katika hospitali ya Port Reitz au ya Likoni anaweza kuwa kazini Jumapili na kupumzika Jumanne. Kalenda ya ofisi ikitumiwa kwa watu wa zamu, wengine watakatwa siku zisizo zao na wengine watazidishiwa. Mkuu wa kituo ndiye anayeijua ratiba ya zamu, na ndiye anayepaswa kuipeleka kwa wapangaji wa mfumo mapema.

Pili, ngazi ya idhini ifungwe kwa cheo, isifungwe kwa jina la mtu. Msimamizi akihamishwa kutoka Changamwe kwenda Kisauni, maombi ya watu wa Changamwe hayapaswi kumfuata ng'ambo. Yakifungwa kwa cheo, atakayekalia kiti kile atayakuta. Kila cheo kiwe pia na msaidizi wa kuidhinisha wakati mwenyewe yuko likizo au mgonjwa. Na kuwe na muda maalumu: ombi likikaa siku kadhaa bila kuguswa, mfumo umkumbushe mhusika, kisha ulipandishe kwa mkuu wake. Lisijiidhinishe lenyewe, maana idhini bila mwenye idhini haina wa kuulizwa.

Ngazi zenyewe ziwe chache. Ikiwa barua ya likizo ilipita mikono sita kwa sababu ya mazoea, kuhamisha mikono hiyo sita kwenye kompyuta ni kuhamisha foleni tu. Kwa kila ngazi liulizwe swali moja: huyu anaamua nini ambacho aliyemtangulia hakukiamua? Asipokuwa na jibu, apewe taarifa, asipewe kitufe.

Tatu, panapohusu fedha, mikono isipungue miwili. Anayeingiza mtumishi mpya, posho au uhamisho asiwe ndiye anayeidhinisha, na hakuna anayeidhinisha ombi lake mwenyewe. Wafanyakazi hewa hupenya pale mtu mmoja anapoweza kuandika jina na kulipitisha. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikikosoa kaunti zinazolipa sehemu ya mishahara nje ya mfumo, kwa kuwa malipo hayo ni magumu kukagua. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kiasi hicho hakiwezi kulindwa kama haijulikani ni nani analipwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, yapo mambo ambayo kitufe hakiyamalizi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti mamlaka ya kuajiri, kuthibitisha kazini na kusimamia nidhamu. Mfumo unaomruhusu mkuu wa idara kumpandisha mtu cheo kwa kubonyeza tu umeiruka Bodi. Katika nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mtumishi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe kabla hajaachishwa kazi kwa kosa au utendaji duni. Ujumbe wa simu si kusikilizwa. Hapo mfumo utunze tarehe na nyaraka, na mazungumzo yafanywe na watu.

Tano, siri ya mtumishi ilindwe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni nyeti. Msimamizi anahitaji kujua kwamba mtumishi hatakuwepo kuanzia tarehe fulani hadi fulani na kwamba cheti kimepokewa. Hahitaji kusoma ugonjwa wenyewe. Fomu ipangwe hivyo tangu mwanzo, kwa sababu siri ikishaonekana haifichiki tena.

Sita, wafikiriwe wasiokaa mbele ya kompyuta. Wafagiaji wa barabara, askari wa kaunti na wahudumu wa masoko nao wana likizo, watoto na siku ya kustaafu. Fomu iwe na maelezo ya Kiswahili chepesi na ifunguke kwenye simu ndogo. Asiyeweza asaidiwe katika ofisi ya wadi, lakini neno lake la siri abaki nalo mwenyewe. Karani anayeshika maneno ya siri ya watu kumi anaweza kulaumiwa kwa yote yatakayofanywa kwa majina hayo kumi.

Mwisho, mfumo ujaribiwe kabla ya kufunguliwa, kwa mifano inayofanana na maisha: mama anayejifungua kabla ya tarehe aliyoandika, mtumishi anayehamishwa huku ombi lake likiwa katikati, anayekaribia miaka 60 ya kustaafu, na mkuu aliye safarini. Likataliwe ombi moja kwa makusudi, ionekane kama mfumo unamlazimisha aliyekataa kuandika sababu. Anayekataliwa bila sababu hana pa kukatia rufaa.

Kazi hiyo inaanzia kwenye vituo. Kila mkuu wa kituo na kila msimamizi wa wadi aandike karatasi moja: nani yuko chini yake, anafanya zamu gani, nani humkaimu, na ni maombi gani hukwama mara kwa mara na yanakwama wapi. Karatasi hizo zivuke feri na madaraja sasa, ili baadaye muuguzi wa Mtongwe aombe likizo yake akiwa kituoni, aone imefika kwa nani, na apate jibu kabla mtoto hajazaliwa.